Kikundi cha Wakazi: Oili Iliyomwagika Maegeshoni

Katibu wa Wakazi: Majirani, hamjambo? Kuna oili nyeusi iliyotapakaa kutoka maegesho ya Jengo B hadi langoni, na bawabu anasema imetoka kwenye gari la Mama Neema. Naomba maelezo kabla mtoto hajateleza.

Mama Neema: Hatujambo, Katibu, na mtuwie radhi. Kevin alibadilisha oili na filta hapa asubuhi, tukaondoka kwenda mjini, na tulipokaribia Uwanja wa Nyayo taa nyekundu ya oili ikawaka. Alizima injini papo hapo, kisha tukavutwa hadi nyumbani. Anasisitiza kwamba aliuziwa filta bandia kule Barabara ya Kirinyaga.

Baba Achieng: Ndiyo maana nilipendekeza kazi za gereji zipigwe marufuku humu.

Fundi wa Jengo C: Mzee, hilo tutalijadili baadaye. Mama Neema, kabla hatujamlaumu muuzaji, mwambie Kevin aitafute filta kuukuu, aipindue, na atazame kama mpira wake wa mviringo bado upo.

Mama Neema: Ameipata kwenye pipa la taka. Mpira haupo.

Fundi wa Jengo C: Basi muuzaji hana hatia. Mpira wa zamani uliganda kwenye injini, na filta mpya, ambayo ina mpira wake, ikafungwa juu yake. Mipira miwili iliyopandana haishikani vizuri: gari likiwa limesimama huenda usione hata tone, lakini ukishakanyaga mafuta, pampu husukuma oili kwa nguvu zaidi, mpira mmoja hufyatuka kando, na injini ndogo kama hiyo, inayobeba takriban lita nne, hukauka kwa muda mfupi sana. Mpira huganda hivyo hasa pale aliyefunga filta mara ya mwisho alipoufunga mkavu au alipoikaza kwa spana badala ya mkono, na nashuku hiyo ni kazi ya gereji fulani wala si ya Kevin. Hata hivyo, kupitisha kidole pale kabla ya kufunga filta mpya hakuchukui hata dakika moja, na hapo ndipo alipozembea.

Kevin: Nimekuelewa, Fundi. Je, injini imekufa?

Fundi wa Jengo C: Kama kweli ulizima mara taa ilipowaka, huenda imepona, kwa sababu kinachoua injini ni vyuma kusagana bila oili. Usiiwashe usiku huu. Kesho ondoa filta, bandua mpira uliobaki, futa sehemu hiyo kwa kitambaa safi, kisha funga filta nyingine ambayo mpira wake umeupaka oili mpya. Izungushe kwa mkono hadi mpira uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, isipokuwa kama boksi lake limeagiza vingine. Jaza oili hadi kijiti cha kupimia kionyeshe kiwango kati ya alama mbili, ndipo uwashe huku mtu mwingine akichungulia chini ya gari. Taa ikikawia kuzimika, au ukisikia injini ikigonga, zima uniite.

Baba Achieng: Na hapa chini nani atasafisha? Asije akamwaga maji na sabuni, kwa maana mtaro huu unaelekea Mto Ngong.

Katibu wa Wakazi: Ni kweli, Mzee. Kevin, mwaga vumbi la mbao, liache lifyonze oili, kisha ulizoe kwa koleo na kulitia kwenye gunia. Oili uliyoitoa asubuhi iko wapi?

Kevin: Imo kwenye mtungi, Katibu, sijaimwaga.

Fundi wa Jengo C: Niletee huo mtungi pamoja na gunia. Kuna mkusanyaji wa oili chafu anayepita gereji yetu, nitamuuliza kama atachukua vyote viwili.

Baba Achieng: Vumbi la mbao lipo kwangu, limebaki tangu nitengenezewe kabati. Kijana, njoo ulichukue sasa hivi kabla magari ya usiku hayajaanza kuingia.