Sanamu inayozuia mlango wetu wa uani: ni ya Java kweli?

BintiNgamiani
Wakuu, habari za jioni. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kuna sanamu ya jiwe, kimo chake kama sentimita 45. Mtu ameketi, kakunja miguu, kavaa taji refu na vikuku mpaka juu ya mkono. Babu alikuwa mpishi wa bwana mmoja wa Kiholanzi kwenye shamba la mkonge kule Muheza. Bwana alipofunga virago akamwachia, akasema ni mfalme wa Java, kisiwa cha Indonesia. Bibi hakutaka sanamu ndani (malaika hawaingii), ikabaki uani kuzuia mlango usibamizwe na kusi. Sasa kaja dalali na laki tatu, ana haraka kweli. Niuze?

FundiMawe
Dada, mwenye haraka mwache apoe kwanza. Ilaze, udondoshee ndimu chini ya kitako, tone moja tu. Ikitoa povu ni matumbawe au saruji. Za zamani za Java nyingi ni andesiti, jiwe la volkano la kijivu, halina povu.

BintiNgamiani
Nimejaribu sasa hivi. Kimya. Mwanangu ananicheka, eti mama anamkamulia mfalme ndimu.

BahariaMstaafu
Povu halisemi umri, mwanangu. Zamani nilishuka Semarang, bandari ya Java, nikapelekwa Muntilan karibu na hekalu la Borobudur: mafundi wanachonga jiwe la volkano ya Merapi hadi leo, na mpya ikizikwa udongoni inazeeka haraka. Halafu huyo "mfalme" huenda ni mungu. Kule mfalme akifa walimchonga kwa sura ya mungu, kama Kertarajasa aliyeanzisha ufalme wa Majapahit mwaka 1293. Ile sanamu ya Prajnaparamita, mungu wa kike wa hekima wa Kibuddha, ya ufalme wa Singhasari, iliyoketi vizuri mno, wenyeji husema ni malkia Ken Dedes. Waholanzi waliichukua, wakairudisha 1978, iko Jakarta. Usiisugue kwa brashi ya waya! Piga picha mbele, mgongoni na chini. Na je, kuna karatasi au picha yoyote ya enzi za bwana? Hiyo ina uzito kuliko ndimu.

BintiNgamiani
Shikamoo baba. Karatasi hakuna, ila ipo picha ya babu na aproni yake barazani kwa bwana, na kando ya mguu wake naona taji lile lile. Nyuma imeandikwa Muheza, 1958.

BahariaMstaafu
Marahaba. Hiyo picha usimpe dalali, hata kuishika.

BintiNgamiani
Kapiga tena, kafika laki tano. Nimemwambia kusi bado inavuma, mlango utabamizwa.