Nimeng'olewa meno yote ya chini, hakuna aliyeniambia kuwa na mfupa nao unakwenda

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo aliyekuja kunituliza namwomba apite tu. Meno yangu ya chini yamo kwenye glasi ya maji hapa mezani, yananitazama. Nimeyavua kwa sababu upande wa kushoto yamenichubua tena, palepale pa wiki iliyopita.

Kwa wasionijua: ugonjwa wa fizi ulinimaliza meno ya chini moja baada ya jingine, yaliyobaki yakawa yanacheza. Daktari akasema tung'oe yote, nivae ya bandia siku hiyohiyo ili nisitoke pale nikiwa kibogoyo. Nikakubali. Nikauliza yale ambayo kila mtu huuliza: itauma? Watu watagundua? Nitaongea vizuri? Nikajibiwa yote kwa upole kabisa. Ganzi inatosha, hawatagundua, utazoea. Na kweli ganzi ilitosha, sina ugomvi na ganzi. Ugomvi wangu ni swali ambalo sikujua kuliuliza, na mwenye jibu alikuwa amesimama mbele yangu na koleo mkononi akanyamaza: meno yakishatoka, mfupa wa taya unakuwaje?

Unayeyuka. Hilo ndilo jibu, nimelipata kwa kuchelewa. Tuta la mfupa linaloshika meno lipo kwa ajili ya meno. Mizizi ikiondoka, mwili unaona halina kazi tena, unaanza kulila. Ukitoa jino moja tu la nyuma, upana wa tuta mahali pale hupungua karibu nusu ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Halafu kasi inapungua lakini haikomi, mwaka hadi mwaka. Mtafiti Antje Tallgren aliwafuatilia wavaaji wa meno bandia kwa miaka hadi 25, akachapisha kwamba taya la chini hupoteza mfupa takribani mara 4 kuliko la juu. Alichapisha lini? 1972. Elfu moja mia tisa sabini na mbili, wakuu! Mtu anayening'oa meno yote ya chini hawezi kuniambia hakuisikia habari hiyo.

Maana yake meno niliyopimiwa siku ile yalipimiwa kinywa ambacho baada ya miezi michache hakikuwepo tena. Ni sawa na kupimwa kiatu mguu ukiwa umevimba. Meno ya siku hiyohiyo ni ya muda, fizi zikitulia lazima yajazwe upya kwa ndani yafuate umbo jipya, au yatengenezwe mengine kabisa. Kila fundi wa meno anajua. Mimi nilidhani nimemaliza safari, kumbe nilikuwa kituo cha kwanza.

Wenye ya juu watasema mbona yangu yanashika. Ya juu yanafunika kaakaa lote, mate na hewa vinayanyonya yakakaa. Ya chini hayana kaakaa, yamekaa kama kiatu cha farasi juu ya tuta jembamba, na katikati yupo ulimi ambaye kazi yake kutwa nzima ni kusukuma. Ukitafuna upande huu, upande ule unanyanyuka. Nikitamka neno lenye s nyingi napiga mluzi. Kuna siku kwenye kikao cha kazi nilitaka kumkatiza mtu kwa adabu, nikasema "samahani", na kwenye ile "ma" meno yakanyanyuka nyuma yakagonga ya juu, kah! Kikao kizima kikageuka. Nikajifanya nimekohoa. Toka siku hiyo kikaoni mimi ni wa kutikisa kichwa.

Nikarudi kwa daktari. Akakwangua kidogo pale panapochubua, akasema utazoea. Nikarudi tena. Akakwangua, utazoea. Mara ya tatu akaniambia nitumie gundi. Hakuna aliyewahi kupitisha kidole kwenye fizi zangu aone kuna nini kimebaki pale chini. Tatizo likaitwa mazoea, yaani likawa langu.

(Na mimi nina makosa yangu, nakiri. Nililala nayo kila usiku mpaka fizi zikawa nyekundu za fangasi, nikiyasugua kwa dawa ya meno inayoyakwaruza, badala ya kuyavua usiku, kuyaosha kwa brashi laini na sabuni ya kawaida na kuyaweka kwenye maji yasiyo moto. Lakini niambieni, hayo nayo niliambiwa na nani?)

Nikaamua basi, nitaweka vipandikizi, zile skrubu za titani zinazozamishwa kwenye mfupa halafu meno yanashikizwa juu yake. Nikaenda kwa daktari mwingine. Huyu ndiye wa kwanza kunyamaza kwa sababu njema. Alipitisha kidole kwenye taya taratibu, kutoka sikio mpaka sikio, akaagiza picha, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Nyuma pale, pande zote mbili, taya limebaki jembamba kama ukingo wa sahani. Akafuata kwa ncha ya kalamu mstari mmoja mweusi ndani ya mfupa: "Huu ni mfereji wa mshipa wa fahamu. Juu yake hapa huna nafasi ya skrubu. Nikiugusa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kufa ganzi, na pengine visirudi." Kisha akasema lile lililonileta hapa: "Ungekuja mapema."

Ningekuja mapema! Nilikuja mapema, daktari, nilikuja siku ileile niliyong'olewa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nimefungua mdomo!

Na hapa wenye matangazo ya "meno mapya kwa siku moja" nao wasinitanie. Mfupa hauna haraka ya mtu. Tangu Mswidi Per-Ingvar Brånemark alipomwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi hivi mwaka 1965, kazi yote imesimama juu ya jambo moja: mfupa kukua na kushikamana na titani, na kwa kawaida hilo huchukua miezi 3 hadi 6. Hayo meno ya siku moja mara nyingi ni ya muda, ya kudumu yanafuata baadaye. Anayevuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, anayetumia baadhi ya dawa za kuimarisha mifupa, wote wanapaswa kuulizwa kabla ya kuguswa. Na kipandikizi hakiozi, kweli, lakini fizi inayokizunguka ikiachwa chafu huvimba na mfupa unaliwa vilevile. Nilimaliza meno yangu kwa ugonjwa wa fizi, kwa hiyo hilo linanihusu mimi kuliko wengi. Tangazo linaonyesha tabasamu tu.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Mwaka 2002 wataalamu walikutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, wakakubaliana kwamba kwa asiye na meno kabisa chini, chaguo la kwanza liwe meno bandia yanayobanwa kwenye vipandikizi 2 vya mbele, na yale ya kukaa juu ya fizi tupu yasiwe tena chaguo la kwanza. Viwili tu! Mbele pale kati ya kidevu mfupa huchelewa kuisha na ule mshipa mkubwa haupo. Huenda nisingeweza kulipia wakati ule, sawa, watu wengi hawawezi. Lakini kushindwa kulipia na kutoambiwa ni mambo mawili tofauti. Lile la kwanza ningelipangia.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema "mwili wako ungeikataa tu hiyo skrubu", titani haikataliwi kama figo ya mtu mwingine. Hushindwa kushika, kwa maambukizi au kwa kubebeshwa mzigo mapema, na walio wengi inashika vizuri.

NYONGEZA 2: Mnaouliza nimefikia wapi: mbele bado upo mfupa kidogo. Daktari wa pili ameupima mara mbili, amesema vinaingia 2, vifupi. Nimeandikiwa tarehe. Kuna dada kaandika hapo chini kwamba wiki ijayo anang'olewa yote ya chini na ameambiwa atazoea. Dada, nimekutumia ujumbe, fungua kabla hujaenda.