Naomba ushauri: asome usimamizi wa uhandisi mara tu baada ya Exetat?

Ndugu zangu, jambo. Niko Lubumbashi, Kongo. Mdogo wangu amefaulu Exetat (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari), opsyo ya math-fizike, na sasa anataka kusoma usimamizi wa uhandisi tangu shahada ya kwanza, ikibidi nje ya nchi. Ni fani ya kweli: huko Marekani, chuo kikuu cha Missouri S&T kina idara yake tangu 1967. Mtu anasoma hesabu na fizikia kama mhandisi yeyote, halafu gharama, ratiba za miradi, ubora na namna ya kuongoza watu.

Wasiwasi wangu uko kwenye kazi. Huku kwetu, toka Likasi mpaka Kolwezi, kwenye miji ya migodi, kijana anaulizwa kwanza: wewe ni wa mines (migodi), wa metallurgie (madini ya chuma na shaba), ao wa umeme? Mwenye miaka 22 atasimamia wahandisi gani kama hajawahi kushika kazi yao? Mimi naona aanze Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), afanye kazi kidogo, usimamizi ausome baadaye kwenye masta. Yeye anasema nitamchelewesha, na baba ameniachia mimi uamuzi.

Ninyi mnaoajiri migodini, diploma hiyo mnaipokeaje? Na wewe uliyeisoma, ulianza na kazi gani?