Random Access Memories toleo la miaka 10: ile sidii ya pili ina kitu au nibaki na ya zamani?

mzee_wa_santuri: Wakuu habari za jioni. Random Access Memories, albamu ya wale Wafaransa wawili Daft Punk, ninayo ile ya 2013, sidii moja nyimbo 13, nimeisikiliza mpaka kava limechakaa. Sasa kuna jamaa anauza lile toleo la miaka 10 lililotoka Mei 2023, sidii mbili, ya pili ina vipande 9 kama dakika 35 hivi, na bei imechangamka. Ninachouliza ni hiyo ya pili tu, ni muziki wa kukaa ukasikiliza au ni makombo ya studio? Mlio nayo naombeni ukweli.

besi_nzito: Chukua mkuu. The Writing of Fragments of Time peke yake, dakika 8 na ushee, hela yako imerudi. Humo unawasikia Todd Edwards aliyeimba Fragments of Time na Thomas Bangalter wa Daft Punk wanautunga ule wimbo maiki zikiwa wazi, wanapiga stori, Todd anajaribu melodi kwa mdomo hata maneno hayajapatikana, mwenzake anadaka anaongezea, mara mstari mmoja unakaa sawa halafu taratibu unaanza kuutambua wimbo ambao umeusikia miaka yote. Mi nilikuwa naujua kama wimbo mtamu tu, sasa hivi nikiusikia namsikia na mtu anayeutafuta.

kinanda_bubu: Naheshimu ila bei iangaliwe. GL (Early Take), yaani Get Lucky ya mwanzo, haifiki hata dakika, Prime (2012 Unfinished) jina lenyewe limeandikwa haijamalizika na kweli haijamalizika, na Horizon ile ya gitaa la taratibu Wajapani walishapewa tangu 2013 kwenye toleo lao. Ukiondoa hivyo unabaki na vitu vitatu vinne vya maana. Infinity Repeating waliyofanya na Julian Casablancas na bendi yake The Voidz hiyo nakubali bila ubishi, kodi (chords) zinajirudia zinabadilika kidogo kidogo, hazichoshi.

besi_nzito: @kinanda_bubu sasa hivyo vipande vifupi si ndo utamu wenyewe? Hawa jamaa walificha sura kwenye helmeti miaka yote, hawakuwa watu wa kuonyesha jikoni. LYTD (Vocoder Tests) ni sauti ya roboti inajaribiwa tu, inapanda inashuka inatafuta mahali pa kukaa, mimi napenda sana vitu kama hivyo, kumbe ile sauti iliyonyooka kwenye Lose Yourself to Dance ilitafutwa hivi.

dada_wa_sinthi: Mbona hamjataja Touch (2021 Epilogue)? Ndio muziki uliosikika kwenye ile video ya kuagana Februari 22, 2021 walipotangaza wameachana, ile kwaya inavyojaa pole pole. Wameiweka mwisho kabisa wa sidii na ndio mahali pake, nikifika hapo huwa siwezi kuweka kitu kingine mara moja. Kaka @mzee_wa_santuri jambo moja, angalia kava vizuri kabla hujalipa, kuna nyingine ya Novemba 2023 inaitwa Drumless Edition, hiyo ni nyimbo zilezile za 2013 zimetolewa ngoma, haina hizi bonasi.

mzee_wa_santuri: Asante dada, hilo la Drumless sikuwa nalijua kabisa. Namwambia jamaa anitumie picha ya nyuma ya kava kwanza, nikiona The Writing of Fragments of Time ipo kwenye orodha nalipa kesho.