Naomba ushauri: nitandike nini chini ya reli za treni ndogo?

Wakuu, habari za leo. Najenga njia ya treni ndogo nyumbani, kipimo cha HO (1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi), upana kati ya reli mbili milimita 16.5. Meza ni plaiwudi, na treni ikipita chumba kizima kinavuma. Wenzetu Ulaya hutandika gamba lile la vizibo vya mvinyo, unene milimita 3 au 5. Hapa Tanga sijaliona dukani. Je, mkeka wa sponji wa mazoezi utafaa, au utabonyea reli zipinde? Halafu kokoto ndogo za kujaza kati na kando ya reli: nikizimwagia gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikishakauka ngumu si kelele zitarudi palepale? Aliyewahi kujenga huku pwani anijuze, maana plaiwudi nayo hunywa unyevu.