Bajaji za kupakia njiani Mwanga: ziachwe au zirudi vijiweni?

Wana Kigoma, hasa wenzangu wa Mwanga, naomba tulijadili hili bila matusi. Mtaani kwetu watu wamegawanyika. Kuna wanaotaka bajaji zinazookota abiria kwenye barabara kuu ya Ujiji, Mwanga na Kigoma mjini, kila kichwa kikilipa chake kama kwenye daladala, zipigwe marufuku. Zirudi vijiweni, anayeitaka aikodi. Wengine wanasema ziachwe, zimetuokoa. Mimi niko upande wa marufuku, na nakiri kabisa kwamba jana jioni nilipanda moja.

Asiyeujua mji wetu aelewe kwanza ulivyokaa. Karibu kila kitu kimening'inia kwenye barabara moja. Huku chini ziwani kuna bandari na stesheni ya Mjerumani, reli ilikoishia. Unapanda, unafika Mwanga na soko lake. Unaendelea, unaingia Ujiji. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 232,388 katika manispaa nzima, na asubuhi anayekwenda ofisini, anayekwenda sokoni na anayekwenda shule wote wanaangukia barabara ileile. Ukiiharibia daladala njia hiyo, huna kichochoro cha kukimbilia.

Sasa twende kwenye hoja. Juzi nilisimama kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Walikuwepo wanafunzi kama tisa hivi, mmoja binti mdogo wa shule ya msingi, fagio la chelewa mkono huu, kidumu cha maji mkono ule. Daladala ya kwanza ikaja. Konda kasimama mlangoni, mkono mmoja kashika paa, mwingine kauziba mlango kama geti: "Wanafunzi wawili tu! Wawili tu!" Ndani naona siti wazi. Wakubwa wao wakapenya, binti akabaki. Ya pili ikapita bila kusimama. Ya tatu ikasimama mbele kidogo, akaikimbilia, maji yakimwagikia viatu, na alipoifikia ikaondoka. Katikati ya hizo tatu zilipita bajaji, sikuzihesabu, zote zinapiga honi kwa watu wazima tu. Yule binti hakuna aliyempigia honi.

Nilimkasirikia konda, halafu nikapiga hesabu yake. Nauli ambazo LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, walitangaza Desemba 2023 ni shilingi 600 kwa daladala ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi 200. Watoto watatu ndiyo mtu mzima mmoja. Daladala inabeba mzigo huo kwa sababu mtu mzima anamfidia mtoto. Bajaji inapita mbele, inafagia watu wazima vituo vyote, inawaacha wa mia mbili kwa anayekuja nyuma. Halafu tunashangaa konda kaweka geti. Ndiyo maana nasema zirudi vijiweni.

SUKA WA BAJAJI, GUNGU
Kaka, umeandika vizuri ila umeandika kama mtu aliyekwishakunywa chai. Mimi suka, dereva tu, hii bajaji si yangu. Niko kwenye mkataba, hela ya hesabu nampelekea bosi kila siku, inyeshe isinyeshe, mpaka muda uishe ndiyo nikabidhiwe kadi, bajaji iwe yangu. Nikae kijiweni nisubiri wa kukodi? Wa kukodi hapa Mwanga ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Maweni, bibi harusi, na mtu aliyenunua godoro. Waliobaki wote wana buku moja mkononi na wanataka chenji.

Halafu hiyo daladala unayoitetea, jioni umeipanda? Ubavuni imeandikwa Ujiji. Ikifika Mwanga giza likianza kuingia, konda anagonga bati: "Mwisho wa gari, shukeni!" Mwisho wa reli tunaujua wote, huo mwisho wa gari ndiyo mpya. Wakikatisha ruti nani anawamalizia safari wale abiria? Sisi.

MUUZA DAGAA
Mimi nauliza tu. Natoka Kibirizi alfajiri na ndoo mbili za dagaa, naleta soko la Mwanga. Konda akiziona ndoo anageuza uso, anasema maji yatawadondokea watu. Simlaumu, mtu kavaa kitenge chake cha harusini, unamwagia shombo? Lakini mwenye bajaji anazifunga nyuma kwa mpira, ananifikisha hadi mezani kwangu. Tunapanda watatu, tunachangia. Mkisema nikodi maana yake nilipe peke yangu hela ya watu watatu, na hapo faida yangu yote ya siku imeisha kabla sijafunua ndoo.

FUNDI UJENZI
Mnagombea magurudumu. Mimi nateremka kwa mguu hadi mjini kila siku na begi la vifaa mgongoni, simdai konda wala suka. Ninachoomba bajaji wasiegeshe pembeni ya lami pale ninapopita, maana wananisukumia barabarani kwenye malori. Ni hayo tu.

MLETA HOJA
Mama wa dagaa, shikamoo. Wewe sikukulenga. Nyinyi watatu kuchangia bajaji kutoka Kibirizi mpaka mezani mimi sioni kosa, hata ikiandikwa kanuni naomba iwaruhusu. Naongelea hii barabara kuu tu, ambako daladala ipo na inapita.

Fundi, umenifunga mdomo. Hilo la kuegesha nililisahau, na wanaotembea asubuhi ni wengi mno.

Suka, mkataba nauelewa, mdogo wangu yumo humohumo. Ila na wewe niambie: bajaji ni ya abiria watatu, yule wa nne anayekaa nusu kalio pembeni yako, usukani unaukata vipi ukikutana na lori? Jana huyo wa nne nilikuwa mimi. Nilishikilia chuma cha kioo mpaka mkono ukafa ganzi.

KONDA WA ZAMANI
Nimefanya konda miaka minne njia hiyo, nimeacha, sasa nauza mawese, kwa hiyo sina wa kumtetea. Mleta hoja kuhusu vituo kufagiwa yuko sahihi. Unatoka Ujiji umekaa foleni kujaza, unafika Mwanga unakuta bajaji imeshapita, kituoni kuna sare za shule tupu.

Lakini tusidanganyane. Kabla bajaji hazijawa nyingi tulikuwa tunawaacha vilevile. Suka alikuwa anaongeza mwendo akiona sare nyeupe, na mimi nilikuwa nakuwa na geti la mkono kama hilo ulilolisimulia. Na sisi tulikuwa na hesabu ya tajiri. Mkiziondoa bajaji kesho, konda hatafungua mlango kwa huruma. Atafungua trafiki akiwa amesimama pale kituoni, siku hiyo tu. Akiondoka, mkono unarudi mlangoni.

MLETA HOJA
Hiyo imeniuma, kwa sababu nilitaka iwe kosa la bajaji. Basi napunguza dai langu. Sisemi tena ziondoke kabisa. Nasema kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, siku za shule, bajaji zisiokote abiria kwenye barabara kuu kati ya Mwanga na mjini. Vichochoroni zipakie, Kibirizi zipakie, wagonjwa zibebe. Saa hizo mbili daladala wapate watu wazima wao, na hapohapo trafiki awepo kituoni ahakikishe geti la mkono limeshuka. Baada ya saa mbili kila mtu aendelee na riziki yake.

SUKA WA BAJAJI, GUNGU
Kaka, saa hizo mbili ndiyo hesabu yangu yote. Mchana nalala humuhumu ndani, miguu nje, utanikuta kivulini.

MLETA HOJA
Basi saa hizo mbili beba wanafunzi. Watatu watatu, mia mbili mia mbili. Nani atakukataza?

SUKA WA BAJAJI, GUNGU
Mia sita, Mwanga mpaka mjini, halafu kupandisha mlima kurudi ni tupu. Ulisema umepiga hesabu ya konda. Piga na hii.