Naomba ushauri: difu loki ya hewa au inayojifunga yenyewe?

Hamjambo ndugu zangu. Nina Hilux ya dizeli, natoka nayo Mombasa kupeleka mizigo ndani ndani ya Kinango. Mvua ikinyesha, gurudumu moja la nyuma likining'inia juu ya mtaro lazunguka bure, na lile lililokanyaga udongo halisukumi kabisa. Nataka loki ya nyuma tu, ya kufunga difu (gia zinazogawia magurudumu nguvu) ili yote mawili yazunguke pamoja. Ya mbele hufanya usukani mzito.

ARB ya hewa naipenda: wafunga kwa swichi, na kompresa yake hujaza hata matairi. Lakini chumvi ya pwani hula nyaya, na paipu ya hewa ikivuja huna loki. Detroit, ile inayojifunga yenyewe, haina swichi wala paipu, ila hugonga kwenye kona na lami ikilowa huvuta gari.

Mliozitumia huku kwetu, ipi yadumu? Na fundi wa kuseti kraunweli na pinioni (gia za ndani ya difu) sawasawa nimpate wapi?